Oili inavuja kwenye 1NZ: gasketi, silikoni au dawa ya chupa?

Ukiingia duka la spea Gerezani, Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ukasema injini ya Toyota yako inatoa oili, kaunta itajazwa vitu vitatu: gasketi ya tapeti kava (mfuniko mkubwa wa juu ya injini), tyubu ya silikoni, na chupa ya dawa ya kumimina ndani ya oili. Kila kimoja kina kazi yake, lakini mara nyingi vinauzwa kana kwamba ukichukua chochote kati yake ni sawa. Si sawa hata kidogo. Tathmini hii inavipima vyote vitatu kwenye injini moja, 1NZ-FE ya lita 1.5, ile iliyomo kwenye Vitz, IST, Probox, Succeed, Fielder, Spacio, Sienta na Ractis nyingi zinazotembea barabarani kwetu, kwa mtu anayetaka kuifanya kazi mwenyewe nyumbani.

Hukumu iwe mbele ili usihangaike kuitafuta. Gasketi ya mpira iliyo orijino ndiyo ya kulipia pesa. Silikoni ni nzuri sana, ila kwenye injini hii, kwa kazi hii, inahitajika sehemu mbili tu, kila moja tone dogo. Dawa ya chupa ina kazi yake halali, nayo ni nyembamba kuliko inavyotangazwa. Na kuna spea ya nne ambayo haitajwi kaunta, valvu ya PCV, ile inayoipumulisha injini, ambayo ukiiacha imeziba utanunua gasketi nyingine kabla ya muda wake.

Kwanza jua oili inatoka wapi

Pesa nyingi hupotea hapa. Mtu anaona tone chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, anabadilisha gasketi ya sampu, na tone linabaki palepale. Oili hutiririka kwenda chini, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo sehemu iliyolowa chini haikuambii chochote. Unachotafuta ni sehemu ya juu kabisa yenye unyevu, na ukilinganisha sehemu mbili za urefu mmoja, ile iliyo mbele zaidi.

Injini ikiwa imepoa, nyunyiza breki klina au dawa ya kuondoa grisi kuzunguka tapeti kava, kwenye mshono wa taimingi kava (kifuniko cha cheni, upande wa mikanda), kuzunguka filta ya oili na nati ya kumwagia oili, halafu futa mpaka pakauke. Usimwagie maji kwenye koili za plagi wala alternata. Endesha dakika 15 hadi 20, zima, washa tochi, angalia. Pasipoonekana kitu, endesha siku nzima kisha rudia. Uvujaji wa taratibu sana huonekana ukipaka poda ya mtoto kwenye eneo lililosafishwa: oili inaacha mchirizi mweusi kwenye weupe wa poda, nawe unaufuata kwenda juu hadi chanzo chake.

Kwenye 1NZ, ekzosi imekaa nyuma, upande wa dereva na abiria walipokaa, na manifoldi ya hewa iko mbele. Ndiyo maana gasketi ya tapeti kava ikichoka upande wa nyuma, dalili ya kwanza si tone sakafuni. Ni harufu. Oili inashukia kwenye ekzosi yenye moto, inaungua, na ukisimama kwenye foleni harufu inaingia ndani kupitia matundu ya hewa. Wengine huona moshi mwembamba ukitoka nyuma ya boneti. Hilo si la kungoja mwisho wa mwezi, maana oili iliyolowesha ekzosi inaweza kushika moto.

Dalili ya pili iko kwenye matundu ya plagi. Chomoa koili moja moja. Ukikuta mpira wa koili umelowa oili, au plagi imezama kwenye oili, basi mpira unaoziba mrija wa plagi umekufa. Injini huanza kukosa moto kwenye silinda moja, taa ya injini inawaka, mtu anauziwa koili mpya, na baada ya miezi michache nayo inaharibika vilevile. Koili haikuwa na kosa.

Kabla hujaihukumu gasketi, angalia mfuniko wa kujazia oili. Una mpira wa duara ndani yake, na huo ukikauka oili inatambaa juu ya tapeti kava na kushuka pembeni, ikionekana kabisa kama gasketi imechoka. Futa, funga mfuniko vizuri, endesha, angalia tena. Mpira huo ni wa bei ndogo mno kulinganisha na kazi inayoweza kukuepusha nayo.

Jihakikishie pia kuwa ni oili ya injini kweli. Weka kadibodi safi chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini ni ya kahawia hadi nyeusi. Mafuta ya gia ya otomatiki huwa mekundu yakiwa mapya, yakizeeka yanaelekea kahawia na kuwa na harufu tofauti. Maji ya rejeta yana rangi yake na utelezi wake. Tone lililoko upande wa abiria wa mbele, kwenye gari zetu za usukani wa kulia, ni upande wa gia. Lililoko upande wa dereva ni upande wa mikanda na cheni.

Gasketi ya tapeti kava: orijino na kopi

Namba ya Toyota ya gasketi hii ni 11213-21011. Inaingia 1NZ-FE na pia 2NZ-FE ya lita 1.3, lakini mpe muuzaji namba ya chasisi yako, usimpe jina la gari peke yake. Vitz na IST zilitoka na injini zaidi ya moja, na Vitz yenye injini ya silinda tatu ya lita 1.0 haihusiani kabisa na gasketi hii. Uliza pia kama mipira minne ya mirija ya plagi imo kwenye pakiti au inauzwa peke yake. Kubadilisha gasketi ya pembeni na kuiacha mipira ya plagi ya zamani ni kazi nusu, kwa sababu vyote vimepikwa na joto lilelile kwa miaka ileile.

Orijino inastahili bei yake. Mpira wake unalainika mkononi, unapinda bila kuonyesha mistari ya kupasuka, kona zake ni safi bila mabaki ya kalibu, na ukiuweka kwenye mfereji wa tapeti kava unakaa wenyewe hata ukigeuza kava juu chini. Hilo la mwisho ndilo kipimo bora unachoweza kufanya nyumbani. Kopi duni inakuwa ndefu kidogo au fupi kidogo, inadondoka unapogeuza kava, na mtu analazimika kuigundisha na silikoni ili ikae. Ukijikuta unafanya hivyo, rudisha gasketi dukani.

Si kila isiyo ya Toyota ni mbaya. Kampuni zinazotengeneza gasketi kwa viwanda vya Japani huuza pia kwa jina lao wenyewe, na ubora wake uko karibu sana na wa orijino. Tatizo ni pakiti zisizo na jina la mtengenezaji, au zenye nembo ya Toyota iliyochapwa hafifu, herufi zimefifia, namba ya spea haipo au haisomeki. Nunua kwa muuzaji atakayekubali kuipokea ikirudi haijatumika.

Kuibadilisha

Kazi hii ni ya saa moja na nusu hadi mbili kwa anayeifanya mara ya kwanza, na gari halipandi jeki. Unahitaji soketi ya milimita 10 yenye racheti ndogo na kiungo kirefu, koleo la kubania klipu za mipira, kikwanguo cha plastiki au cha mbao, breki klina, vitambaa visivyoacha nyuzi, na spana ya torki inayosoma namba ndogo, kuanzia Nm 5 hivi hadi 25 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana kubwa ya kufungia nati za tairi haifai hapa. Haisikii nguvu ndogo kiasi hicho, na itakuruhusu ukate bolti bila kukuonya.

Injini iwe imepoa kabisa. Toa waya wa hasi wa betri. Kwa gari ambazo boksi la hewa limekaa juu ya injini, litoe kwanza, na uzibe mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi. Chomoa vichwa vya waya vya koili kwa kubonyeza kilimi chake. Plastiki hizi zimezeeka na hukatika ukivuta kwa hasira, kwa hiyo bonyeza, sukuma ndani kidogo, ndipo uvute. Fungua bolti moja ya kila koili, zungusha koili kidogo kushoto na kulia, ipandishe moja kwa moja. Zipange kwa mfuatano wa silinda zake. Chomoa mpira wa PCV na mpira mwingine wa kupumulia, fungua klipu zinazoshikilia waya juu ya kava, sogeza waya pembeni bila kuukunja.

Kama kuna oili kwenye matundu ya plagi, inyonye sasa kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti kabla hujagusa plagi. Ukifungua plagi ikiwa imezama, oili yote inaingia ndani ya silinda, na siku ya kuwasha utaona moshi wa bluu wa kutosha kukutia wasiwasi bure.

Sasa fungua bolti na nati za kava, ukianzia za pembeni ukielekea katikati, nusu mzunguko kwa kila moja, kisha uzitoe zote. Angalia washa zenye mpira chini yake, zisipotee. Kava litakuwa limeshika. Ligonge kwa nyundo ya mpira au kwa kiganja pembezoni mwake. Usichomeke bisibisi kati ya kava na silinda hedi: alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatengeneza mfereji ambao hakuna gasketi itakayouziba. Likilegea linyanyue moja kwa moja juu, kisha funika cheni na shafti kwa kitambaa safi. Washa ikidondoka upande wa cheni, kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya wiki.

Gasketi ya zamani mara nyingi inatoka vipandevipande, ngumu kama plastiki. Ndivyo joto linavyoufanya mpira: unakauka, unapoteza unyumbufu, unachukua umbo la mfereji na hausukumi tena kwenda juu. Toa kila kipande. Safisha mfereji wa kava na uso wa silinda hedi kwa kikwanguo cha mbao na kitambaa chenye breki klina. Usitumie msasa wala brashi ya waya ya kufungwa kwenye drili, kwani vumbi lake linaingia kwenye shafti na beringi zake. Uso unaotakiwa ni mkavu kabisa, hauna oili, hauna mabaki ya silikoni ya fundi aliyepita. Gasketi mpya nyingi zinazovuja zinavuja kwa sababu hatua hii ilifanywa haraka.

Kagua valvu ya PCV ukiwa hapo. Itoe, itikise: lazima usikie kitu kikigonga ndani. Puliza kutoka upande wa injini, hewa ipite. Puliza kutoka upande wa manifoldi, hewa ipite kwa shida sana au isipite. Kama haigongi, au hewa inapita sawa pande zote mbili, nunua mpya. Kazi yake ni kutoa gesi zinazopenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuzirudisha kwenye manifoldi ziungue. Ikiziba, gesi zinajaza injini, presha inapanda, na inatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni gasketi yako mpya, au sili ya krenki (shafti kuu ya injini), au mpira wa kijiti cha kupimia oili. Gari linalovuja sehemu tatu kwa wakati mmoja lina PCV iliyoziba mara nyingi kuliko lina bahati mbaya.

Weka gasketi mpya kavu kwenye mfereji wake, ikandamize kwa kidole kuzunguka kote, kisha mipira ya plagi. Paka mipira ya plagi oili safi kidogo sana ili mirija iingie bila kuikunja. Gasketi ya pembeni haipakwi kitu.

Zile sehemu mbili za silikoni ni pale taimingi kava inapokutana na silinda hedi, upande wa mikanda, moja mbele na moja nyuma. Hapo kuna mshono kati ya vipande viwili vya chuma, na mpira peke yake hauwezi kujaza pembe ile. Weka tone la ukubwa wa punje ya hindi kila upande, juu ya mshono hasa. Toyota inataka kava lifungwe ndani ya dakika 3 baada ya kupaka, na oili isimiminwe wala injini isiwashwe kabla ya saa 2. Gari lililobadilishwa gasketi na bado linavuja upande wa dereva pekee mara nyingi lilikosa matone haya mawili.

Shusha kava moja kwa moja. Ukililaza kwa upande mmoja kwanza, gasketi inateleza. Bolti zote zianze kwa vidole, kisha kaza kutoka katikati kwenda nje kwa hatua mbili au tatu, ya mwisho iwe Nm 10. Nm 10 ni kidogo kuliko unavyodhani, ni nguvu ya kifundo cha mkono na racheti fupi. Ukiongeza haukazi gasketi zaidi. Unaukata uzi ndani ya alumini au unalipinda kava, na kava likipinda linaacha nafasi katikati ya bolti mbili ambapo oili inatoka kwa furaha zaidi kuliko awali.

Rudisha koili, mipira na waya. Washa, iache ipate joto. Moshi kidogo nyuma ya injini ni wa oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi, utaisha ndani ya dakika 10 hadi 20. Usipoisha, zima na uangalie.

Tyubu ya silikoni

Silikoni ya gasketi, ile ya kijivu au nyeusi inayovumilia oili, kama Permatex Ultra Grey, Ultra Black au aina za ABRO zilizojaa madukani kwetu, ni bidhaa nzuri inayotumiwa vibaya. Ya Toyota yenyewe inauzwa kwa namba 08826-00080, nyeusi, na ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwenye mshono wa taimingi kava. Silikoni nyekundu inavumilia joto kubwa zaidi, lakini kwa oili chagua kijivu au nyeusi iliyoandikwa kwamba inafaa oili na haidhuru sensa. Inayonuka siki kali inapokauka inatoa asidi; iache kwa kazi za jikoni na bafuni.

Kosa linaloumiza ni kupaka silikoni kuzunguka gasketi yote ya mpira, chini na juu, kwa nia ya kuwa na uhakika zaidi. Kabla haijakauka inafanya kazi ya grisi: mpira unateleza ndani ya mfereji na kuchomoka pembeni bolti zikikazwa. Na kila silikoni inayochomoka kwenda nje ujue nyingine kama hiyo imechomoka kwenda ndani. Vipande hivyo vinakatika, vinashuka kwenye sampu, vinakaa kwenye chujio la pampu ya oili au vinaingia kwenye vijia vyembamba vya VVT-i, mfumo wa Toyota unaotumia presha ya oili kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu. Injini iliyokuwa na kosa la gasketi inapata kosa la presha ya oili.

Mahali silikoni inapostahili sifa zote ni sampu. Sampu ya bati ya injini hii haina gasketi ya mpira wala ya karatasi, inazibwa na silikoni tu tangu kiwandani. Hapo safisha nyuso zote mbili mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, nyoosha kingo za bati zilizopinda kwenye matundu ya bolti, paka mstari mmoja usiokatika wa milimita 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa kila tundu la bolti, funga, na acha ikauke. Watengenezaji wengi wanataka saa 24 kwa ukaukaji kamili, na ushauri wetu ni kumwaga oili jioni, kufunga sampu usiku uleule, na kumimina oili kesho yake jioni. Gari likiwa juu kwa kazi hii, liwe kwenye stendi za jeki, sehemu ngumu isiyo mchanga, na matairi yaliyobaki chini yazuiwe. Jeki ni ya kunyanyulia. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia.

Dawa ya chupa

Dawa hizi zina vimiminika vinavyoingia kwenye mpira uliokauka na kuulainisha, ukavimba kidogo. Kwa hiyo zinasaidia penye mpira, mpira huo uwe bado mzima, na uwe umekauka tu. Sili ya mbele ya krenki, sili ya nyuma, sili za valvu: hapo kuna matumaini ya kweli. Kwenye sili ya nyuma dawa ina thamani zaidi, kwa sababu kubadilisha sili ya nyuma ya krenki kunataka gia ishushwe, na hiyo si kazi ya nyumbani.

Chupa ya Liqui Moly ya kuzuia oili kuvuja ina ml 300 na inatosha hadi lita 4 za oili. 1NZ inabeba lita 3.7 pamoja na filta, hivyo chupa moja ndiyo kipimo chake. Imimine siku ya kubadilisha oili, na punguza oili mpya kwa kiasi hichohicho ili kiwango kisipite alama ya juu. Mtengenezaji anasema matokeo huonekana baada ya kilomita 600 hadi 800. Anayeihukumu baada ya siku tatu anaionea, na anayeongeza chupa ya pili kwa haraka anaweza kuvimbisha mipira iliyokuwa salama.

Haitaziba gasketi ya tapeti kava iliyopasuka. Haitaziba silikoni ya sampu wala ya taimingi kava, kwa sababu hapo hakuna mpira wa kulainisha. Haitaziba washa ya nati ya sampu, swichi ya presha ya oili iliyopasuka plastiki, wala uzi uliokatika. Dawa zinazodai kuziba kila kitu kwa chembechembe au unga zisiingie kwenye injini yenye VVT-i. Kitu chenye uwezo wa kuziba tundu la nje kina uwezo wa kuziba tundu la ndani pia.

Kuna tiba nyingine inayopendwa, kuhama kutoka oili nyepesi ya 5W-30 kwenda 20W-50 ili oili iwe nzito na isivuje. Tone linapungua kweli kwa muda. Lakini gasketi bado imekufa, na oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi na kuifanya VVT-i iitikie polepole. Hatuipendekezi kwa injini ambayo kosa lake linatibika kwa gasketi moja.

Vitu vidogo vinavyosingiziwa injini

Washa ya nati ya kumwagia oili, namba 90430-12031, ni ya kubadilishwa kila unapomwaga oili. Inabanwa mara moja tu kwa ubora wake wote. Gereji nyingi huirudia mara tano sita, ikianza kuvuja nati inakazwa zaidi, kisha zaidi, mpaka uzi wa sampu unakatika, halafu inazungushiwa tepu ya bomba la maji. Washa mpya na Nm 37.5 zinatosha. Nati ni ya soketi ya milimita 14.

Filta ya oili, 90915-YZZE1 kwa wanaotumia orijino, inavuja kwa sababu mbili zinazojulikana. Mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda kwenye bloku, mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili: hii haitoi tone, inamwaga oili yote ndani ya dakika chache injini ikipanda presha. Pitisha kidole usoni pa bloku kila mara kabla ya kufunga. Ya pili ni kufunga mpira ukiwa mkavu. Paka oili, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Hakuna haja ya spana.

Valvu ya VVT-i, iliyoko mbele karibu na upande wa cheni, ina oringi (mpira wa duara wa kuzibia) ambayo ikikauka oili inaweza kuteremka hadi kwenye alternata. Bolti moja ya milimita 10, oringi mpya iliyopakwa oili, dakika 15. Watu wamelipia kufunguliwa taimingi kava kwa sababu ya oringi hii.

Taimingi kava lenyewe likivuja, ni kweli linavuja kwenye injini hizi zikizeeka, na hapo tunasimama. Linataka mkanda utoke, mguu wa injini utoke na injini ishikiliwe kwa chini, puli ya krenki ifunguliwe, na tapeti kava pia. Puli peke yake inafungwa kwa Nm 128. Mwenye vifaa na siku mbili anaweza. Kwa mtu wa soketi moja na mchana mmoja, mpelekee fundi mwenye spana ya torki, na umwambie mapema kuwa unataka silikoni ipewe muda wake wa kukauka.

Oili uliyomwaga iweke kwenye dumu lenye mfuniko na uipeleke gereji inayokusanya. Isimwagwe kwenye mtaro, na isipakwe kwenye nguzo za uzio pale watoto wanapochezea.

Baada ya wiki moja, injini ikiwa imepoa, chukua tishu nyeupe, ipitishe kwenye ukingo wa nyuma wa tapeti kava, kisha tishu nyingine kwenye kona mbili za taimingi kava, nyingine chini ya nati ya sampu. Pima kijiti cha oili gari likiwa sehemu tambarare, na uandike kiwango pamoja na kilomita. Tishu zikitoka kavu na kijiti hakijashuka, funga boneti.